Shajara ya mradi: kioo cha laptopu juu ya ubao wa kufundishia

Jumatatu

Lengo nimeliandika ukutani kwa chaki: kioo kimoja cha laptopu kisimame juu ya ubao, kiwake, kionyeshe picha, na anayejifunza aweze kushika kwa mkono wake sehemu zinazoifanya picha hiyo ionekane. Vijana wanaojifunza ufundi kwangu hapa Ilala wanajua kubadilisha kioo haraka sana. Fungua fremu, toa skrubu za bawaba, chomoa kebo, pachika kipya. Wanachokosa ni kujua ndani mnafanyika nini, na gharama ya kutokujua huko anailipa mteja. Kioo kikija giza, jibu la kwanza ni "kimekufa hiki, nunua kingine," hata pale kilichokatika ni fyuzi moja kwenye bodi ya nyuma ya kioo.

Nina vioo viwili. Cha kwanza ni kizima, kimetoka kwenye laptopu ambayo mazabodi yake, yaani bodi kuu, iliingia maji. Ni LP156WH4, inchi 15.6, pikseli 1366 kwa 768. Namba hiyo iko kwenye lebo ya nyuma, na ndiyo ya kwenda nayo dukani, maana laptopu za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na vioo vya aina tofauti. Hiyo 156 katikati ya namba ndiyo inchi 15.6. Cha pili ni cha ukubwa uleule, kona yake imepasuka. Hicho nitakifungua chote, tabaka kwa tabaka, kabla sijakigusa kizima.

Jumatano

Leo ni siku ya taa.

Kioo cha aina hii hakitoi mwanga hata chembe. Mwanga unatoka nyuma, kwenye ukanda mwembamba wa LED uliopangwa ukingo wa chini, na kazi yote ya kioo ni kuamua mwanga huo upite wapi na kiasi gani. Nimewaambia vijana waishike sentensi hiyo moja kabla ya nyingine zote, kwa sababu uchunguzi wote wa kioo kibovu unaanzia hapo: je, taa inawaka? Na kama inawaka, nani anaizuia?

Nimeondoa mkanda wa gundi ukingoni, nikafungua vishikizo vya fremu ya plastiki, na tabaka zikatoka moja moja. Nyuma kabisa kuna karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga mbele. Juu yake bamba la akriliki, unene wa milimita chache tu. Kisha karatasi ya kutawanya mwanga, kisha filamu mbili zenye mistari midogo ya prizimu, mistari ya moja ikikatana na ya nyingine, na juu yake filamu nyingine ya kutawanya. Vijana walizigombania hizo filamu za prizimu, wakitazamana kupitia kwazo na kuona nyuso zikigawanyika. Kazi yake ni kuukusanya mwanga unaokimbilia pembeni na kuuelekeza kwa mtu aliyeketi mbele.

Lakini kilichonishika mimi ni lile bamba la akriliki. LED ziko ukingo mmoja tu, ilhali kioo kinang'aa sawasawa juu hadi chini. Inawezekanaje? Mwanga ukiingia ubavuni mwa bamba unasafiri ndani kwa kugonga nyuso zake mbili na kurudi, hauwezi kutoka, mpaka ukutane na nukta ndogo iliyochapwa mgongoni mwa bamba. Nukta inauvuruga, unapata pembe ya kutokea. Sasa litazame bamba kwa mshazari chini ya taa: karibu na LED nukta ni chache au ndogo, na kadiri unavyokwenda mbali zinakuwa nyingi au kubwa. Palipo na mwanga mwingi panaachia kidogo, palipo na mwanga hafifu panaachia zaidi. Kuna mtu alikaa akapiga hesabu ya kila nukta ili sisi tusione tofauti yoyote. Nimelisafisha bamba hilo kwa kitambaa laini. Litakaa kwenye ubao likiwa wazi, na LED zake pembeni.

Hizo LED zenyewe si nyeupe. Ndani kuna chembe inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake unga maalumu (phosphor) unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano. Buluu na njano zikifika pamoja jichoni tunaona nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa LED ya buluu yenye ufanisi, na laptopu nyembamba za leo ni mojawapo ya matunda yake. Kabla ya taa za LED, mwanga wa nyuma ulitoka kwenye bomba jembamba la kioo lenye zebaki, likiwashwa na inveta ya mamia ya volti. Bado tunakutana na vioo hivyo kwenye laptopu za zamani. Inveta hiyo usiishike ikiwa hai.

Alhamisi jioni

Kimebaki kioo chenyewe: bati mbili nyembamba za kioo zilizogundishwa ukingoni, katikati yake nafasi ya mikromita nne au tano hivi iliyojazwa fuwele kimiminika, yaani kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kwa mpangilio. Kwenye kona iliyopasuka kuna doa lililotambaa. Atakayepata ute huo mkononi anawe kwa sabuni, wala asiuguse mdomo. Nimeweka onyo hilo kwenye ubao kwa herufi kubwa kuliko maelezo mengine.

Mbele na nyuma ya bati hizo kuna filamu za polaraiza. Mwanga wa kawaida unatikisika kila upande. Filamu hii inaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukipachika filamu mbili zikiwa zimekingamana, ya kwanza inapitisha mtikisiko wa wima, ya pili inataka wa mlalo, na matokeo yake ni giza. Mbona basi kioo hiki, bila umeme wowote, nikikilaza juu ya taa bapa ya dari ninauona mwanga ukipita?

Kwa sababu ya fuwele. Molekuli zake ni ndefu, na nyuso za ndani za bati mbili zimetayarishwa ili molekuli zilizo karibu na bati la nyuma zilale upande mmoja na zile za mbele zilale upande unaokata huo. Za katikati zinalazimika kugeuka kidogo kidogo, kama ngazi ya mzunguko, mpaka nyuzi 90 zitimie. Mwanga unafuata mgeuko huo, unafika kwenye filamu ya mbele ukiwa tayari umegeuzwa, unapita. Ukitia umeme, molekuli zinasimama kufuata uga wa umeme, mgeuko unakwisha, na mwanga unagonga filamu ya pili ukiwa na mtikisiko usiotakiwa. Hapo panakuwa peusi. Umeme kidogo, kijivu. Hii ndiyo aina inayoitwa TN, iliyobuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich mjini Basel, Uswisi, mwaka 1970.

Kwa hiyo katika TN umeme ndio unaoleta weusi. Kijana mmoja aliuliza, "Fundi, kwa hiyo kioo cheupe ndicho kisicho na kazi?" Ndivyo hasa, na swali lake limeingia kwenye ubao: kioo cha TN kilichong'aa cheupe kitupu, taa yake ni nzima, kinachokosekana ni umeme au ishara kwenye kioo.

Jumamosi

Jaribio la joto. Sikulipanga mwanzoni, lakini sasa naona bila hilo mtu anaweza kukariri maneno "fuwele kimiminika" bila kuyaona.

Kioo kilichopasuka kimelazwa juu ya taa bapa, hakina umeme, kinapitisha mwanga wa kijivu cheupe. Nimechukua blowa, joto la chini, nikaipitisha kwa mbali juu ya sehemu moja isiyo na ufa. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha doa jeusi likatokea katikati, likapanuka taratibu, lenye ukingo ulio wazi. Nikazima blowa. Doa likaanza kusinyaa kutoka pembeni kuja ndani, hadi likapotea na pakawa peupe tena. Tulirudia, kila kijana akashika blowa kwa zamu.

Kilichotokea ni hiki: joto likizidi kiwango fulani, molekuli zinaacha kupangana. Zinakuwa kimiminika cha kawaida, mgeuko haupo tena, na filamu mbili zilizokingamana zinabaki peke yake. Giza. Pakipoa, molekuli zinajipanga upya zikifuata nyuso za kioo.

Tabia hiyo ndiyo iliyoonekana kwanza, mwaka 1888, na aliyeiona hakuwa akitafuta skrini wala taa. Friedrich Reinitzer alikuwa mtaalamu wa mimea huko Prague. Alikuwa akichunguza kampaundi inayotokana na kolesteroli, akagundua kwamba inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi inakuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye 178.5 ukungu unatoweka na kimiminika kinakuwa angavu. Akamwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kipasha joto. Doa letu jeusi ni sehemu ya pili ya kuyeyuka huko.

Kwa nyuzi 145 hakuna atakayetengeneza saa, sembuse laptopu. Ilihitajika fuwele kimiminika inayokaa hivyo katika joto la chumba, na ambayo haiharibiki upesi. George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza kundi hilo la kemikali mwaka 1973. Ile maarufu zaidi, 5CB, inaacha kuwa fuwele kimiminika kwenye nyuzi 35 hivi. Mtu wa Dar es Salaam anaelewa mara moja kwamba hiyo peke yake haitoshi! Ndiyo maana viwanda huchanganya kemikali kadhaa ili kupanua kiwango cha joto. Hata hivyo, kifaa chenye skrini kilichoachwa juani nyuma ya kioo cha gari kinaweza kutokeza doa jeusi kama letu, na likipoa likaondoka. Mteja akija na kisa hicho, kwanza muulize kifaa kilikuwa wapi.

Jumanne

Kariakoo kutafuta bodi ya kuendeshea kioo. Muuzaji mzuri anauliza namba ya nyuma ya kioo kabla ya kutaja bei; asiyeuliza, ondoka. Bodi inapokea ishara ya picha ya HDMI upande mmoja na kutoa LVDS, aina ya ishara ambayo kioo chetu kinaielewa, upande wa pili, na programu iliyo ndani yake lazima iwekwe kwa 1366 kwa 768. Vioo vya baadaye vinatumia aina nyingine ya ishara, eDP, mara nyingi kwa kontakta ya pini 30, na bodi yake ni nyingine kabisa. Kuna na vioo vya LVDS vyenye pini 30, kwa hiyo kuhesabu pini hakutoshi. Soma namba, tafuta karatasi ya kiwanda ya kioo hicho, ulinganishe.

Chetu kina pini 40. Pini ya 2 na ya 3 ni umeme wa kioo, volti 3.3. Pini ya 38 hadi 40 ni umeme wa taa, na hapa kwenye ubao tunautoa kwenye volti 12 za adapta. Njia hizo mbili ni tofauti, ndiyo maana kioo kinaweza kuwa na picha bila taa, au taa bila picha. Kwenye bodi ndogo iliyo nyuma ya kioo kuna saketi inayopandisha hizo 12, kwa kuwa LED moja inataka volti 3 hivi, na zikipangwa tisa mfululizo zinadai 27 au zaidi.

Ishara zenyewe zinapita kwenye jozi nne za waya: tatu za data, moja ya saa ya kuratibu. Katika kila jozi, waya mmoja ukipanda mwingine unashuka, tofauti ikiwa takriban volti 0.35 tu. Mpokeaji anasoma tofauti kati ya nyaya mbili, hivyo kelele inayozipata zote kwa pamoja inajifuta. Hii inaeleza pia kwa nini kebo iliyochoka kwenye bawaba inaleta rangi za ajabu au mistari inayokuja na kuondoka mtu akifunga na kufungua laptopu. Hapo kioo hakina kosa lolote. Badilisha kebo.

Tumeunganisha, tumewasha, kioo kizima kimeonyesha picha.

Alhamisi

Lenzi ya sonara imeazimwa kwa jirani. Kila kijana ameweka jicho kwenye kioo kinachoonyesha ukurasa mweupe, na akakuta hakuna weupe: vistari vyekundu, kijani na buluu, bega kwa bega, vimetenganishwa na weusi. Kila pikseli ina vistari vitatu. Upana wa pikseli moja hapa ni robo ya milimita, kistari kimoja ni theluthi ya hiyo. Zidisha 1366 kwa 768 kwa 3, unapata vistari 3,147,264, na kila kimoja kina transista yake, swichi ndogo ya umeme, iliyotandazwa juu ya kioo.

Transista hizo zina kazi gani? Huwezi kupeleka waya mmoja mmoja kwa zaidi ya vistari milioni tatu. Kwa hiyo kuna mistari 768 ya mlalo na 4098 ya wima. Mstari mmoja wa mlalo unafunguliwa, transista zake zote zinafunguka, na mistari ya wima inapeleka kwa kila kistari volti yake. Mstari unafungwa, unafuata mwingine. Kila mstari unapata kama mikrosekunde 21, kisha unasubiri hadi zamu yake irudi, mara 60 kwa sekunde. Wakati wa kusubiri, chaji inashikiliwa na kapasita ndogo pale pale kwenye kistari. Timu ya T. Peter Brody katika kampuni ya Westinghouse, Marekani, ndiyo iliyoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba skrini ya fuwele kimiminika inaweza kuendeshwa hivi kwa transista nyembamba. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kifaa chote. Bila kumbukumbu hiyo ndogo ndani ya kila kistari, kila mstari ungefifia kabla ya zamu yake kurudi.

Na volti hiyo inageuzwa kila mara, chanya kisha hasi. Molekuli hazijali upande, zinasimama vilevile, lakini umeme wa upande mmoja tu ungesukuma ayoni, yaani chembe zenye chaji, zilizomo kwenye kimiminika zikusanyike ukingoni na kukiharibu kioo taratibu.

Vijana walipoelewa mistari ya wima na mlalo, uchunguzi wa mistari kwenye skrini ulijieleza wenyewe. Mstari mmoja wa wima usiobadilika: njia moja ya wima imekatika, au imeachia pale inapogundishwa ukingoni. Ukanda mzima wa wima umepotea: chipu moja inayohudumia ukanda huo, au maungio yake. Huwezi kulehemu hapo kwa mkono. Njia ni nyembamba mno na zimeshikwa kwa gundi maalumu ya kupitisha umeme. Hapo ndipo fundi mkweli anamwambia mteja anunue kioo.

Jumamosi iliyofuata

Kazi ya leo ilikuwa kubandua filamu ya mbele kwenye kioo kizima. Tuliijaribu kwanza kwenye kile cha ufa. Pamba yenye spiriti, kona moja inanyanyuliwa kwa ukucha wa plastiki, kisha unavuta kwa mshazari, polepole, bila kukipinda kioo. Spiriti isikaribie ukingo wenye chipu. Gundi inayobaki inafutwa kwa subira. Filamu ilitoka nzima. Tumeigundisha kwenye fremu ya mbao yenye mpini.

Nikawasha. Kioo kilikuwa cheupe, kitupu. Bodi ilikuwa inapokea picha, kila transista ilikuwa kazini, wala hakuna kilichoonekana. Nikampa kijana fremu, akaipitisha mbele ya kioo, na ndani ya fremu pekee ikatokea bendera ya Tanzania, kamili, na nje ya fremu weupe mtupu. Akaizungusha fremu robo mzunguko. Kijani kikageuka waridi iliyokolea, buluu ikawa rangi ya machungwa, mstari mweusi ukawa mweupe na ile mistari ya njano ikawa buluu. Kelele zilizopigwa hapo ziliwaleta majirani.

Picha ilikuwapo muda wote. Ilikuwa imeandikwa katika uelekeo wa mtikisiko wa mwanga, kitu ambacho macho yetu hayatofautishi. Filamu ya mbele ndiyo inayoigeuza tofauti hiyo kuwa mwanga na kivuli. Ukiizungusha, inapokea iliyokuwa ikikataa na kukataa iliyokuwa ikipokea. Aliyevaa miwani ya jua ya polaraiza alijaribu bila fremu, akaona picha peke yake huku sisi wengine tukitazama weupe.

Jaribio hilihili linaonyesha hasara. Filamu ya nyuma inakula zaidi ya nusu ya mwanga. Kichungi cha rangi kinabakiza theluthi moja hivi ya kilichopona, na weusi kati ya vistari unachukua wake. Mtazamaji anapata chini ya sehemu ya kumi ya mwanga uliotoka kwenye LED. Ndiyo sababu kupunguza mwangaza kunaokoa betri sana, na kuonyesha picha nyeusi kwenye kioo cha LCD, yaani cha fuwele kimiminika, kwa kawaida hakuokoi karibu chochote: taa ya nyuma inaendelea kuwaka.

Jumatatu, ubao

Maandishi ya ubao yamekamilika, kwa mpangilio wa njia ya mwanga. Kioo giza: washa laptopu, mulika tochi kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, kioo kinafanya kazi, taa ndiyo haipo. Pima umeme wa taa kwenye kontakta, kisha pima fyuzi iliyo karibu na kontakta hiyo, umeme ukiwa umetolewa. Mita ikiwa kwenye kipimo cha mlio isipolia, fyuzi imekatika, umeipata hitilafu. Pima pia pini inayoamuru taa iwake, maana mazabodi inaweza kuwa haijatoa amri. Hakuna picha hata kwa tochi: unganisha skrini ya nje kwanza kabla hujafungua skrubu yoyote.

Kijana aliyeuliza kuhusu kioo cheupe leo amepokea laptopu ya mteja iliyokuja giza. Akachukua tochi, picha ikaonekana. Akapima fyuzi, mita haikulia. Mteja amelipia fyuzi.

Kilichobaki: kioo cha aina nyingine, IPS, kikae kando ya hiki cha TN. Kule molekuli zinazungukia kwenye sakafu ya kioo badala ya kusimama, na bila umeme kioo ni cheusi, kinyume cha hiki. Jibu letu la "kioo cheupe" litahitaji mstari wa pili. Nilichopata ni cha eDP pini 30, Full HD, kwa hiyo Jumatano ni Kariakoo tena, namba ya lebo mkononi, kutafuta bodi yake.